Si Nguvu ya Soda: Kuchagua Chakula Kinachotubeba Kutwa

Inapokaribia saa nne asubuhi, hali moja huwapata watu wa kila namna. Karani aliyeketi mbele ya kompyuta husoma mstari uleule mara tatu. Mwanafunzi husikia sauti ya mwalimu asishike maneno. Fundi cherehani husimamisha mguu, dereva wa bodaboda hujiegemeza juu ya pikipiki yake kivulini, na mama aliyeamka alfajiri kuwaandaa watoto hujiuliza amechoshwa na nini, ilhali siku ndiyo kwanza imeanza. Wote hao wamekula. Wengi wao wamekunywa chai yenye sukari ya kutosha na kuisindikiza kwa maandazi mawili au chapati. Wakiulizwa dawa ya uchovu huo, wengi watataja kikombe kingine cha chai au soda baridi.

Lugha yetu ina msemo unaoifaa sana hali hii. Mtu aanzaye jambo kwa kishindo kisha akaliacha njiani huambiwa ana nguvu ya soda: kizibo kikifunguka povu hupanda kwa kasi, na baada ya muda mfupi chupa imetulia tuli. Waliobuni msemo huu bila shaka waliitazama gesi, si sukari. Hata hivyo, elimu ya mwili imekuja kuwaunga mkono kwa njia ambayo huenda hawakuitarajia.

Makala haya yanaeleza mambo mawili. La kwanza ni kwamba nguvu idumuyo haitokani na wingi wa chakula peke yake, bali na namna tunavyokipanga katika sahani. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba upo uchovu usioponywa na sahani yoyote, na anayeubeba hupaswa kupimwa, si kulaumiwa.

Mwili na kuni zake

Mwili hupata nishati kutoka katika wanga, mafuta na protini. Gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa takribani kilokalori 4, na gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani kwamba anayekula zaidi ndiye mwenye nguvu zaidi. Lakini mpishi yeyote wa kuni anajua kuwa mabua na gogo la mkwaju haviwaki sawa, hata vikiwa na uzito mmoja. Mabua huwaka kwa mwanga mkubwa na kuzimika kabla sufuria haijachemka, ilhali gogo hushika moto polepole na kuivisha maharage.

Sukari, mkate mweupe, maandazi na vyakula vingine vya unga uliokobolewa sana ni mabua ya mwili. Husagwa haraka tumboni na kuingia katika damu kwa mkupuo. Kongosho huhisi ongezeko hilo na kutoa homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kuiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika misuli, ini na ghala za mafuta. Kwa baadhi ya watu, saa mbili au tatu baada ya mlo wa namna hiyo, sukari ya damu hushuka hata chini ya kiwango ilichokuwa nacho kabla ya kula. Hapo ndipo njaa hurudi mapema, mikono hulegea na usingizi hunyemelea.

Kiungo kinachoihisi hali hiyo mapema ni ubongo. Uzito wake kwa mtu mzima ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika, ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Nao hauna ghala kubwa la akiba. Huitegemea damu iuletee sukari saa baada ya saa. Kwa hiyo anayefanya kazi ya kufikiri huhitaji chakula kitoacho nishati kwa utaratibu, sawa na anayebeba magunia sokoni.

Ongeza kabla ya kupunguza

Ushauri wa lishe mara nyingi huanza na makatazo: usile hiki, acha kile. Tungependa kuanza upande wa pili. Kinachoupunguzia wanga kasi yake ni jirani zake katika sahani, yaani protini, mafuta kiasi na nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita pia makapimlo. Jirani hao hukichelewesha chakula tumboni na kuifanya sukari iingie katika damu kwa matone badala ya mafuriko.

Mnamo 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima jinsi vyakula mbalimbali vinavyopandisha sukari ya damu. Jamii ya mikunde ilionekana kuipandisha polepole kuliko vyakula vingi vya nafaka. Mwaka uliofuata walionyesha jambo la kushangaza zaidi: aliyekula dengu asubuhi, sukari yake ilipanda kwa upole hata baada ya mlo wa mchana. Kumbe mlo wa mapema huandaa njia ya mlo unaofuata.

Kwetu matokeo hayo hayahitaji duka la vyakula vya kigeni. Maharage, choroko, kunde, mbaazi na dengu vimo masokoni mwetu. Maharage yaliyobaki jana usiku yaliwe na chapati asubuhi. Bakuli la uji wa ulezi au wa unga wa dona lipate kijiko cha karanga zilizosagwa. Kiazi kitamu, gimbi au muhogo wa kuchemsha, ambavyo wazee wetu walivila asubuhi kabla ya mkate kuenea mijini, viende na yai, maziwa au kipande cha samaki. Kama maandazi hayaepukiki, liliwe moja badala ya matatu, nalo lifuatane na yai au maharage. Tunda nalo liliwe zima badala ya kukamuliwa, kwa kuwa juisi huacha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi katika chujio.

Kuhusu sukari yenyewe, hesabu ndogo inatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi isipozidi asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, viwango hivyo ni takribani gramu 50 na gramu 25. Kijiko kidogo cha chai kikijazwa bila mlima hubeba karibu gramu 4. Anayekunywa vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kufikia gramu 24 kabla jua halijapanda. Akinywa soda moja ya mililita 350 mchana, ambayo kwa kawaida hubeba gramu 35 au zaidi, amevuka mpaka wa juu. Nguvu aliyoifuata hajaipata, na deni la kiafya ameliongeza.

Kuku wa Java na unga wetu

Wanga wote ungeweza kuwa kuni kavu na bado usiwake. Moto huhitaji kiberiti. Katika mwili, kazi hiyo hufanywa na vitamini za kundi B, na namna binadamu alivyozigundua inahusu moja kwa moja gunia la unga lililo jikoni mwetu.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, katika kisiwa cha Java, akichunguza ugonjwa wa beriberi. Ugonjwa huo uliwalegeza watu miguu, ukawadhoofisha moyo na kuwaua wengi. Eijkman alitarajia kupata kijidudu. Badala yake aliwaona kuku wa maabara yake wakianza kupepesuka na kuanguka, kisha baada ya muda wakapona bila dawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika kipindi cha ugonjwa kuku hao walilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Alipokuja mpishi mpya, aliukatalia wali wa jeshi usiwe chakula cha kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakasimama.

Mwaka 1897 mwenzake Adolphe Vorderman alikusanya taarifa za magereza ya Java na kuona kwamba beriberi iliwaandama zaidi wafungwa waliolishwa mchele mweupe kuliko waliolishwa mchele wenye ganda lake la ndani. Baadaye ilibainika kuwa katika ganda hilo mlikuwa na vitamini B1, ambayo bila hiyo mwili hushindwa kuugeuza wanga kuwa nishati. Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya 1929. Jina beriberi lenyewe huhusishwa na neno la Kisinhala lenye maana ya udhaifu.

Sisi hatusumbuliwi na beriberi kama watu wa Java wa zama hizo, lakini somo la kuku lingali mezani. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, pumba na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini B, madini, mafuta ya asili na nyuzinyuzi. Tunapeleka pumba kwa ng'ombe na kuku, kisha tunashangaa mifugo inavyonawiri. Dona huvibakiza vyote hivyo.

Dona ina masharti yake. Kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wake huharibika na kupata uchungu mapema, hivyo ni busara kusaga kidogokidogo. Mahindi yake lazima yawe makavu, yaliyochambuliwa, yasiyo na ukungu, kwani ukungu huzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Anayependelea sembe anaweza kununua ile iliyoongezwa virutubishi kiwandani, yenye alama yake kwenye mfuko. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zimewataka wasindikaji wakubwa wa unga wa ngano na wa mahindi kuongeza virutubishi, yakiwamo madini ya chuma na asidi ya foliki.

Uchovu ulio ndani ya damu

Tumefika sasa kwenye jambo zito. Chukulia mama mmoja, ambaye watumishi wa afya hukutana na mfano wake mara kwa mara. Ana watoto watatu waliofuatana kwa karibu. Hupanda ngazi chache akahema. Moyo humwenda mbio akiinua ndoo. Hulala mapema na kuamka amechoka. Nyumbani wameanza kumwita mvivu, naye mwenyewe ameanza kuamini. Amejaribu chai ya tangawizi, soda na asali, na kila kimoja humpa dakika chache za matumaini. Mama huyu hana upungufu wa sukari. Ana upungufu wa damu.

Nishati haitengenezwi kwa chakula peke yake. Huhitaji oksijeni pia, kama moto uhitajivyo upepo. Oksijeni hubebwa na hemoglobini iliyomo katika chembe nyekundu za damu, na hemoglobini haiwezi kuundwa bila madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kiwango kilikuwa asilimia 58. Maana yake ni kwamba katika kila chumba walimoketi wanawake wawili, ilikaribia kuwa mmoja wao alikuwa akiishi na mzigo huu, aghalabu bila kuujua jina.

Madini ya chuma yaliyomo katika nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa wepesi. Yaliyomo katika maharage, mchicha, matembele na nafaka hufyonzwa kwa shida, lakini shida hiyo hupungua ikiwa katika mlo uleule kuna vitamini C. Kipande cha ndimu kilichokamuliwa juu ya mboga, chungwa, pera au embe baada ya ugali na maharage si anasa, ni ufunguo. Dagaa au nyama kidogo iliyochanganywa na mboga nayo husaidia. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, au kuiotesha nafaka kabla ya kuisaga, hupunguza viini vinavyoyazuia madini hayo.

Kinachoufunga mlango ni kikombe chetu tukipendacho. Chai na kahawa zina viini vinavyoyashika madini ya chuma ya mimea tumboni na kuyazuia yasifyonzwe. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza ufyonzwaji huo kwa zaidi ya nusu. Hatusemi chai iachwe. Tunasema isogezwe: inywewe angalau saa moja kabla ya mlo au baada yake. Tahadhari hii inawahusu zaidi wajawazito wanaopewa kliniki vidonge vya kuongeza damu. Anayevimeza kwa chai hujinyima sehemu ya dawa aliyoifuata kwa miguu. Na avimeze kwa maji, au kwa juisi ya chungwa au ya ndimu.

Yafaa pia kuisahihisha dhana moja iliyoenea, kwamba kinywaji chekundu huongeza damu. Wekundu wa rozela au wa bitiruti hautokani na madini ya chuma, wala rangi haihami kutoka katika glasi kwenda katika mishipa. Vinywaji hivyo havina ubaya vikiwa na sukari kidogo, lakini aliyepungukiwa na damu akivitegemea peke yake hupoteza wiki ambazo angekuwa ametibiwa.

Maji, kahawa na makopo ya kuongeza nguvu

Kabla ya kuulaumu mlo, uulize mwili kuhusu maji. Katika joto la pwani, au kwa aliyefanya kazi juani, upungufu wa maji unaofikia asilimia 2 ya uzito wa mwili huweza kupunguza umakini na kuleta uchovu na maumivu ya kichwa. Rangi ya mkojo ni kipimo kisicho na gharama: ukiwa wa njano iliyokolea, mara nyingi mwili unaomba maji.

Kahawa na vinywaji vya makopo viitwavyo vya kuongeza nguvu ni suala jingine. Kafeini haina nishati ndani yake. Kazi yake ni kuizuia ile kemikali iitwayo adenosini isiuarifu ubongo kwamba umechoka. Habari imefichwa, uchovu wenyewe upo palepale. Kopo la mililita 250 la vinywaji vingi vya aina hii lina kafeini ya takribani miligramu 80, na sukari juu yake. Nusu ya kafeini hiyo huweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Anayeinywa jioni ili amalizie safari au asomee mtihani hukopa usingizi wa usiku, na kesho yake saa nne asubuhi ndipo mdai hubisha hodi. Kwa dereva, uchovu uliofichwa ni hatari kwake na kwa abiria wake.

Sahani ya siku moja

Kwa kuyakusanya yaliyotangulia, siku moja inaweza kuwa hivi. Asubuhi: uji wa ulezi wenye karanga, au kiazi kitamu na yai, pamoja na tunda zima. Katikati ya asubuhi: chai yenye sukari kidogo, maadamu muda umepita tangu mlo, au maji na konzi ya karanga. Mchana: ugali wa dona usioijaza sahani yote, maharage au dagaa, mboga ya majani iliyokamuliwa ndimu, na chungwa. Alasiri: maji, na ndizi mbivu ikiwa njaa ipo. Usiku: mlo mwepesi kuliko wa mchana, wenye mikunde au samaki na mboga, uliwe mapema kiasi ili usingizi usigombane na tumbo. Usingizi nao ni sehemu ya lishe ya nguvu, kwani hakuna chakula kinachoulipia.

Wakati wa kuiacha sahani na kwenda kupimwa

Ukiupanga mlo wako hivi kwa wiki mbili au tatu na uchovu usiondoke, usitafute chakula kingine cha miujiza. Nenda kituo cha afya, na usingoje wiki hizo ikiwa una dalili kama za mama tuliyemtaja. Omba kupimwa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kwa mwanamume mpaka ni gramu 13, na kwa mjamzito, kwa kawaida, gramu 11. Wala si kila upungufu wa damu unatokana na chakula: malaria, minyoo, hedhi nyingi na selimundu vyote huweza kuusababisha, na tiba zake hazifanani. Ndiyo sababu si vyema kununua vidonge vya madini ya chuma na kuvimeza bila kupimwa.

Uchovu ukifuatana na kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara, sukari ipimwe. Ukifuatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho jingi la usiku na kukonda, kifua kikuu kichunguzwe. Ukifuatana na huzuni ya muda mrefu na kukosa hamu ya yale yaliyokuwa yakikufurahisha, huenda ni sonona, ambayo nayo ni ugonjwa wenye tiba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na uchovu ni maradhi rahisi kufichwa kwa sababu tumezoea kuuita uvivu.

Kwa hiyo mtu wa nyumbani mwako akikuambia amechoka, usianze kwa kumhukumu. Mtazame kwanza ndani ya kope la chini na viganjani. Ukiona vimepauka, mpeleke akapimwe, hata kama weupe huo peke yake hauthibitishi ugonjwa. Usipoona weupe na uchovu ukaendelea, kipimo kingali kinahitajika. Na jioni hiyo, ugali ukiwa mezani, weka ndimu karibu na mboga, kisha iache birika ya chai jikoni kwa saa moja zaidi.